‘Hatujawaona’ si ‘Hawapo’: Maoni kuhusu Lugha ya Kuwaeleza Vijiumbe wa Barafu za Ncha za Dunia

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umekuwa mjadala wa istilahi. Tumeulizana neno fulani la kigeni tuliite nani, tulitohoe au tuliundie neno jipya kutokana na lahaja zetu na lugha jirani za Kibantu. Kazi hiyo imezaa matunda. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni ushahidi mmojawapo kuwa wataalamu wetu hawakukaa bure. Hata hivyo, yamkini wingi wa nomino tulizoziunda umetusahaulisha jambo jingine lenye uzito uleule. Nomino hutaja kitu tu. Madai ya sayansi kuhusu kitu hicho hubebwa na kitenzi, kwa njeo yake, hali yake na ukanushi wake. Mwandishi anaweza kuwa na istilahi zote sahihi na bado akasema uongo kwa sababu ya kiambishi kimoja.

Makala haya yanatoa maoni kuhusu suala hilo kwa kuangalia uwanja mmoja wa utafiti ambao kwa mtazamo wa kwanza unaonekana kuwa mbali sana nasi, yaani uchunguzi wa vijiumbe wanaopatikana katika barafu, mawe na udongo ulioganda wa Antaktika na Aktiki. Uwanja huu umeteuliwa kwa sababu maalumu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, ubishi wake mkuu umekuwa juu ya tofauti kati ya kauli zinazofanana sana: ‘hatujawaona’ na ‘hawapo’, ‘wamepatikana’ na ‘wanaishi’. Tunadai kuwa sarufi ya Kiswahili inazo nyenzo za kuzitenga kauli hizo kwa uwazi mkubwa, na kwamba tatizo letu ni kuwa hatuzitumii.

Neno ‘vijiumbe’ litatumika hapa kwa maana ya viumbe wote wasioonekana kwa macho matupu: bakteria, arkea, kuvu wadogo na mwani wa seli moja. Sababu za kulipendelea neno hilo kuliko ‘vijidudu’ zitaelezwa katika sehemu ya nne.

2.0 Bonde Lililodhaniwa Kuwa la Wafu

Mwezi Desemba 1903, Robert Falcon Scott na wenzake wawili, wakirejea kutoka uwanda wa juu wa Antaktika, waliteremka katika bonde lisilokuwa na theluji wala barafu ardhini. Leo bonde hilo huitwa Taylor Valley na ni mojawapo ya yale yajulikanayo kama Mabonde Makavu. Scott aliandika kuwa hawakuona humo kiumbe hai chochote, wala hata likeni juu ya mawe. Kitu pekee walichokikuta kilikuwa mifupa ya sili aliyefia mbali na bahari. Kwa hiyo akalieleza bonde hilo kuwa ni la wafu.

Hakuna sababu ya kumlaumu Scott kwa alichokiona, kwa kuwa macho yake yalisema kweli. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa katika hatua ya kutoka ‘hatukuona’ kufikia ‘hapana’. Hatua hiyo ni fupi, nayo huchukuliwa na wataalamu hodari kila siku.

Miaka karibu sabini baadaye hatua hiyohiyo ilichukuliwa tena, safari hii na watu wenye maabara. Mwaka 1972, Norman Horowitz na wenzake walichapisha katika jarida la Science makala iliyodai kuwa baadhi ya udongo wa Mabonde Makavu hauna vijiumbe wakazi. Madai hayo yalikuwa na uzito wa pekee kwani Marekani ilikuwa ikijiandaa kupeleka vyombo vya Viking katika sayari ya Mirihi. Kama udongo wa dunia hii unaweza kuwa mtupu kwa sababu ya baridi na ukavu, matumaini ya kukuta uhai Mirihi yangekuwa madogo zaidi.

Njia iliyotegemewa zaidi wakati huo ilikuwa ya kuwaotesha vijiumbe. Mtafiti huchukua udongo, akauweka katika sahani yenye chakula, akasubiri, kisha akahesabu kilichoota. Njia hiyo ina udhaifu unaofahamika leo kwa kila mwanafunzi wa mikrobiolojia: wengi wa vijiumbe hawaoti katika sahani za maabara hata wakiwa hai na wenye afya kule walikotoka. Sahani tupu huweza kuwa na maana kwamba udongo ni mtupu. Huweza pia kuwa na maana kwamba wageni hawakukipenda chakula.

Wolf Vishniac, mikrobiolojia wa Marekani, aliyatilia shaka madai hayo. Alitaka kuwachunguza vijiumbe wakiwa katika udongo wao wenyewe, na kwa ajili hiyo alikwenda Antaktika mwaka 1973. Hakurudi. Mwezi Desemba mwaka huo alianguka katika mteremko mkali akiwa kazini peke yake, akafa. Lakini baadhi ya mawe yaliyokusanywa katika safari hiyo yalimfikia Imre Friedmann, na mwaka 1976 Friedmann na Roseli Ocampo walitangaza kuwa ndani ya mawe ya mchanga ya eneo hilo la mabonde, milimita chache tu chini ya uso wa jiwe, wanaishi vijiumbe wa kijani-buluu wafanyao usanisinuru. Jiwe hilo lina vitundu. Mwanga kidogo hupenya, maji ya theluji iyeyukayo hunywea ndani, na jua la kiangazi hulipasha jiwe joto likawa na nafuu kuliko hewa iliyo nje. Katika nchi iliyosemwa kuwa haina mtu, kumbe wenyeji walikuwa ndani ya nyumba zao, na wapita njia hawakupiga hodi.

Tunajifunza nini kutokana na kisa hiki? Kwamba taarifa ya kutokuwapo kwa kiumbe haikamiliki bila taarifa ya njia iliyotumika kumtafuta. Anayeandika ‘hawapo’ bila kusema ‘kwa kipimo gani’ ameacha nusu ya sentensi.

3.0 Maziwa Yaliyofichwa na Ngazi ya Madai

Kama kisa cha mabonde kinafundisha uangalifu katika kukana, kisa cha maziwa yaliyo chini ya barafu kinafundisha uangalifu katika kukubali.

Chini ya kituo cha Kirusi cha Vostok, mahali ambapo joto la nyuzi 89.2 chini ya sifuri lilipimwa tarehe 21 Julai 1983, kuna ziwa lenye urefu wa takribani kilomita 250 lililofunikwa na barafu yenye unene wa karibu kilomita nne. Mwaka 1999 makundi mawili ya watafiti yaliripoti kuwa yameona seli za bakteria katika barafu iliyoganda kutokana na maji ya ziwa hilo. Tarehe 5 Februari 2012 keekee ya Warusi iliyafikia maji yenyewe katika kina cha meta 3,769. Mwaka 2013 kundi jingine, likichunguza barafu iliyotolewa awali, lilitangaza kuwa limesoma mifuatano ya vinasaba zaidi ya 3,500 ya aina mbalimbali.

Hapo ndipo ubishi ulipopamba moto. Ili shimo refu kama lile lisifunge, wachimbaji walilijaza kimiminika chenye asili ya mafuta ya taa, nacho hakikuwa kimetakaswa vijiumbe. Zaidi ya hayo, ngozi ya binadamu, pumzi yake, vifaa vyake na hata kemikali za maabara hubeba vinasaba. Katika sampuli yenye seli chache mno, uchafu kidogo tu hugeuka kuwa sehemu kubwa ya kinachosomwa. Wakosoaji waliuliza swali lililo rahisi: hao mliowakuta ni wenyeji wa ziwa, au ni wageni mliofuatana nao?

Swali hilo ndilo lililowaongoza watafiti wa Marekani waliokwenda kuchimba Ziwa Whillans, upande wa magharibi wa Antaktika. Barafu juu ya ziwa hilo ina unene wa takribani meta 800, nalo lenyewe lina kina kidogo, kiasi cha meta mbili tu mahali walipotoboa. Walichimba kwa maji ya moto. Maji hayo yalichujwa, yakapitishwa katika mwanga wa urujuanimno na kupashwa joto, na vifaa vikasafishwa kwa dawa ya kuua vijiumbe. Mwezi Januari 2013 waliyafikia maji ya ziwa. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2014 na Brent Christner, John Priscu na wenzao, yalionyesha kuwa kila mililita moja ya maji ya ziwa ilikuwa na seli takribani 130,000, na kwamba vinasaba vilidokeza makundi karibu 4,000 ya bakteria na arkea. Watafiti hawakuishia hapo. Walipima kama seli hizo zinavuta viambato kutoka katika maji na kuvitumia kujijenga, wakaona kuwa zinafanya hivyo. Aidha, walikuta kuwa wengi wa vijiumbe hao ni jamaa wa wale wanaopata nishati kwa kuunguza amonia na chuma, pasipo mwanga wa jua hata chembe.

Tukiyalinganisha maziwa haya mawili, tunaona kuwa kauli moja, ‘kuna uhai chini ya barafu’, ni jina la jumla la madai manne yaliyopangika kama vipawa vya ngazi:

(1) a. Vinasaba vya bakteria vimepatikana katika maji.
b. Seli za bakteria zimeonekana katika maji.
c. Bakteria waliomo katika maji wako hai.
d. Bakteria hawa ni wakazi wa maji haya. Humo hujilisha na kuzaliana.

Ushahidi wa (1a) hautoshi kuithibitisha (1b), kwa kuwa vinasaba huweza kubaki baada ya seli kupasuka. Ushahidi wa (1b) hautoshi kuithibitisha (1c), kwani barafu huhifadhi mizoga vizuri kuliko kitu kingine chochote. Hata (1c) haimaanishi (1d): kiumbe anaweza kuwa hai na akawa amelala tu, au ni mgeni aliyeletwa na upepo. Katika Ziwa Vostok, yaliyosemwa kwa uhakika hayajapanda sana juu ya vipawa vya chini. Katika Ziwa Whillans, watafiti walifika juu, na walifika kwa sababu walijua tangu awali kuwa vipawa viko vinne.

4.0 Nyenzo za Kiswahili

4.1 Tatizo la ‘dudu’

Katika maandishi mengi ya Kiswahili, vijiumbe huitwa ‘vijidudu’. Neno hilo lina sifa ya kueleweka upesi. Lakini maana yake katika akili ya msemaji wa kawaida haitengani na maradhi. Mashina ya ‘dudu’ na ‘mdudu’ yana historia ndefu ya kutaja kitu kinachodhuru, na wakati wa janga la UKIMWI ‘mdudu’ lilikuwa mojawapo ya majina ya mtaani ya virusi vyenyewe. Msomaji akiambiwa kuwa ‘vijidudu wamegunduliwa chini ya barafu’, jambo la kwanza linalomjia ni hofu. Ilhali vijiumbe wa Ziwa Whillans hawana ugomvi na mtu yeyote. Wanakula amonia gizani.

Neno ‘vimelea’ halifai pia, kwa kuwa kimelea huishi kwa kumtegemea kiumbe mwingine, na wakazi wa barafu kwa sehemu kubwa wanajitegemea. ‘Vijiumbe’ lina faida ya kutokuwa na hukumu ndani yake. Hukumu ikihitajika, huongezwa waziwazi, kama tunavyosema ‘vijiumbe maradhi’. Huu ndio mpangilio unaofaa, kwa sababu jina la jumla linabaki bila lawama, nayo lawama hutajwa na kivumishi chake.

4.2 Upatanisho wa kisarufi

Neno ‘bakteria’ huonekana katika maandishi yetu likiwa na upatanisho wa aina tatu: ‘bakteria hawa wanaishi’, ‘bakteria hizi zinaishi’ na ‘bakteria hii inaishi’. Wahariri wamekuwa wakilichukulia suala hili kuwa la mapendeleo tu. Kwa maoni yetu, lina maana zaidi ya hapo.

Inafahamika kuwa katika Kiswahili sanifu nomino ya kiumbe hai hupatana kwa viambishi vya ngeli ya kwanza na ya pili hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine: ‘kiumbe huyu’, ‘kipofu yule’, ‘vijana hawa’. Kanuni hiyo ikitumiwa kwa uthabiti, sarufi yenyewe inatupatia ngazi inayokaribiana na ile ya mfano (1): vinasaba hivi, seli hizi, vijiumbe hawa. Mwandishi anayesema ‘hawa’ amedai kuwa anazungumzia kiumbe, na msomaji ana haki ya kumwuliza ushahidi wake. Anayesema ‘hivi’ au ‘hizi’ amedai kidogo zaidi. Lugha zisizokuwa na ngeli hazina kengele ya namna hii.

Ni kweli kuwa kengele hiyo hailii kila mahali. Kiswahili husema ‘samaki waliokufa’, yaani kiumbe aliyekufa huendelea kupewa upatanisho wa walio hai. Hivyo basi ngeli peke yake haitofautishi mzima na mfu. Kazi hiyo ni ya kitenzi.

4.3 Njeo, hali na ukanushi

Turudi katika Bonde la Taylor tukiwa na kalamu ya Kiswahili. Scott angeweza kuandika mojawapo ya sentensi hizi:

(2) a. Viumbe hawapo.
b. Viumbe hawakuonekana.
c. Viumbe hawajaonekana.

Sentensi (2a) inafunga mlango. Sentensi (2b) inaripoti tukio lililokwisha: siku ile, kwa macho yale, matokeo yalikuwa hayo. Sentensi (2c) inaripoti matokeo mpaka sasa na kuacha mlango wazi, kwa kuwa kiambishi -ja- hubeba ndani yake matarajio kwamba jambo lingali linawezekana. Katika lugha nyingine tofauti ya (2b) na (2c) huhitaji vielezi na maelezo ya ziada. Kwetu inatosha kubadili silabi. Mwaka 1972 sentensi iliyostahili kuandikwa kuhusu udongo wa Mabonde Makavu ilikuwa ya aina ya (2b), pamoja na maelezo ya sahani za maabara.

Hii haina maana kuwa ‘hawapo’ ipigwe marufuku. Sayansi isiyothubutu kukana haina faida. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Jacqueline Goordial na Lyle Whyte waliripoti uchunguzi wao wa udongo ulioganda daima wa University Valley, bonde lililo juu milimani katika eneo hilohilo la Mabonde Makavu, ambako baridi na ukavu vimepita kiasi. Walitumia njia nyingi kwa pamoja: kuotesha, kupima upumuaji, na kusoma vinasaba. Hawakupata ushahidi thabiti wa vijiumbe wanaofanya kazi katika udongo huo. Walichokikuta kilielekea kuwa mabaki, au vijiumbe waliolala au wanaokufa polepole. Taarifa kama hiyo ina thamani kubwa, maana inatuonyesha mpaka wa uhai unakoelekea kuwa. Lakini tutazame jinsi ilivyojengwa. Haikusema kuwa bonde halina uhai. Ilisema ni udongo gani, njia zipi, na ni dalili zipi zilizokosekana.

Upande wa kukubali nao una nyenzo zake. Kiswahili kinatofautisha ‘wanalala’ na ‘wamelala’. Hili la pili lataja hali iliyokwishaingiwa na ingali inaendelea. Kinacho pia kiambishi hu- cha mazoea: ‘humo hujilisha’ ni dai zito kuliko ‘wamejilisha’. Mtafiti aliyewapa vijiumbe chakula katika maabara akaona wameamka, ana haki ya kuandika ‘wameamka’. Hana haki ya kuandika kuwa kule barafuni huamka kila kiangazi, mpaka aende akawaone.

5.0 Pingamizi Mbili

Tunatambua kuwa wapo watakaopinga maoni haya kwa sababu zenye uzito.

Pingamizi la kwanza ni la kipaumbele. Itauliziwa kwamba nchi zenye uhaba wa maji safi na dawa zina haja gani na Kiswahili cha vijiumbe wa Antaktika. Jibu la kwanza ni kuwa ncha za dunia haziko mbali kama ramani inavyoonyesha. Udongo ulioganda daima wa nchi za kaskazini unahifadhi kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 1,500 hivi, karibu mara mbili ya ile iliyomo angani. Udongo huo unapoyeyuka, vijiumbe huanza kuyaozesha mabaki ya mimea ya kale na kutoa hewa ya ukaa na methani. Hewa hizo hazina mipaka ya nchi. Mkulima wa Dodoma na mfugaji wa Turkana, ambao mvua zao zinategemea hali ya hewa ya dunia nzima, wana sababu ya kutaka kujua kama vijiumbe hao wamelala au wameamka, na kwa kasi gani.

Jibu la pili linatokana na mfano wa maradhi yenyewe. Katika kiangazi cha mwaka 2016, ugonjwa wa kimeta ulizuka katika rasi ya Yamal, kaskazini mwa Urusi. Mtoto mmoja wa miaka 12 alikufa, makumi ya watu walilazwa hospitalini na kulungu wa kufugwa zaidi ya 2,000 waliangamia. Kiangazi hicho kilikuwa cha joto lisilo la kawaida, na maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kuwa spora za kimeta zilizokuwa zimelala katika udongo ulioganda ziliachiliwa. Magazeti mengi ya dunia yaliandika juu ya wafu waliofufuka barafuni. Lakini spora hazikuwa zimekufa, kwa hiyo hazikufufuka. Kulala ndiyo tabia ya spora za kimeta, ziwe katika barafu ya Yamal au katika mbuga za Afrika Mashariki, ambako ugonjwa huo unafahamika vizuri kwa wafugaji na una jina lake. Vilevile magazeti mengi yalisahau kutaja kuwa chanjo ya kulungu ilikuwa imesitishwa huko tangu mwaka 2007. Msomaji aliyeambiwa kuwa wafu wamefufuka atabaki na hofu tu. Aliyeambiwa kuwa spora zilikuwa zimelala na chanjo ilikuwa imekoma ana jambo la kufanya.

Pingamizi la pili ni la ueleweshaji. Itasemwa kuwa umma unaelewa ‘vijidudu’, na kuwa kulazimisha ‘vijiumbe’ ni kuwaandikia wasomi peke yao. Pingamizi hili hatulidharau. Katika bango la zahanati linalohimiza kunawa mikono, ‘vijidudu’ linatosha na huenda ndilo bora, kwani hapo hofu kidogo ni ya manufaa. Tunachokidai ni kuwa matini za chuo kikuu, vitabu vya kiada na tafsiri za habari za sayansi zina wajibu mwingine. Zikishindwa kulitenga jina na hofu, mwanafunzi atamaliza shahada yake akiamini kuwa kazi ya vijiumbe duniani ni kuleta maradhi. Atashangaa akisikia kuwa mwaka 2017 watafiti walionyesha bakteria wa udongo wa jangwa la Antaktika wanaopata nishati kwa kuvuta haidrojeni na kaboni monoksidi kutoka hewani, na kwa njia hiyo huimudu nchi ambako mwanga na maji ni haba. Wahenga walisema kuwa usilolijua ni usiku wa kiza. Usiku huo usiongezwe na kamusi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa utafiti wa vijiumbe wa ncha za dunia umesonga mbele kila watafiti walipojifunza kuzitenga kauli ambazo awali zilichanganywa. Scott hakuziona nyumba zilizomo mawe­ni. Horowitz aliitegemea sahani. Wachimbaji wa Vostok walikuta vinasaba pasipo kuweza kuwaridhisha wenzao kuwa si vya wageni. Wale wa Whillans walikwenda wakijua watakachoulizwa. Katika kila hatua, lililobadilika pamoja na vyombo ni kiasi cha uangalifu wa kusema.

Kutokana na hayo, tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, katika matini za kitaaluma ‘vijiumbe’ liwe neno la jumla, na ‘vijiumbe maradhi’ litumike pale ugonjwa unapohusika. Pili, wahariri wasimamie upatanisho: ‘bakteria hawa’ kwa viumbe, ‘seli hizi’ na ‘vinasaba hivi’ kwa vitu, na mwandishi asiruhusiwe kuruka kutoka upatanisho mmoja kwenda mwingine ndani ya aya moja bila kuonyesha ushahidi uliomvusha. Tatu, ufundishaji wa uandishi wa kitaaluma katika idara zetu utenge nafasi kwa ajili ya vitenzi vya ushahidi na ukanushi wake, hasa tofauti ya hawapo, hawakuonekana na hawajaonekana. Jambo hili limekuwa likifundishwa kama sura ya sarufi. Lifundishwe pia kama adabu ya utafiti.

Uundaji wa istilahi lazima uendelee, na hatujadai kuwa umekamilika. Lakini istilahi inaweza kusubiri kikao cha wataalamu, ilhali kiambishi -ja- tunacho tayari, na kila msemaji wa Kiswahili hukitumia tangu utotoni. Mtoto anayeulizwa kama baba amerudi, hujibu ‘hajarudi’. Hasemi ‘hayupo’ kama anamtarajia mlangoni. Mtafiti wa barafu, anaporipoti alichokikosa, hana sababu ya kusema kwa uangalifu mdogo kuliko mtoto huyo.